Kirikuu, Canter, Fuso au tela? Fikiri kabla ya kusafirisha pikipiki

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI iliyotoka dukani Kariakoo ikiwa inang'aa inaweza kufika Mwanza usukani umepinda, taa imepasuka na tangi limechubuka, kabla hata haijabeba abiria wa kwanza.

Mara nyingi lawama hutupiwa barabara au dereva. Hata hivyo, chanzo cha hasara hiyo huwa ni uamuzi uliofanyika kabla ya safari, yaani aina ya gari lililochaguliwa na namna mzigo ulivyofungwa.

Kwa kijana aliyechukua pikipiki ya mkataba, hasara hiyo si ndogo. Hesabu ya marejesho kwa mwenye chombo inaendelea wakati chombo chenyewe kiko kwa fundi.

Pikipiki za cc 100 hadi 150, ambazo ndizo zinazotumika zaidi katika biashara ya bodaboda, huwa na uzito wa takriban kilo 110 hadi 130 na urefu wa karibu mita mbili. Mnunuzi anapaswa kuanza na vipimo hivyo kabla ya kuuliza nauli ya mzigo.

Kwa safari za ndani ya jiji, mathalani kutoka Kariakoo hadi Mbagala, kirikuu kinatosha. Sakafu yake iko chini, hivyo kupakia ni rahisi. Lakini vigari hivyo vya Kijapani vyenye injini ya cc 660 vimeundwa kubeba mzigo usiozidi kilo 350. Pikipiki tatu za kilo 120 zinafikisha kilo 360, hivyo mbili ndicho kiwango salama. Aidha, bodi yake haifiki mita mbili kwa urefu, na pikipiki ikiwekwa moja kwa moja tairi la nyuma linaweza kuning'inia mlangoni.

Canter inafaa kwa mwenye pikipiki kadhaa zinazokwenda mkoani. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kwa uzito, gari la tani mbili lingeweza kubeba pikipiki 16. Hata hivyo, usukani wa kila moja una upana wa karibu sentimita 75, na zikisimamishwa kwa nafasi inayostahili hazifiki hata nusu ya idadi hiyo. Zikishindiliwa, usukani wa moja husugua tangi la nyingine njia nzima.

Fuso na semi-trela huwa nafuu zaidi kwa safari ndefu, kwa kuwa gharama hugawanywa na wenye mizigo wengine. Pamoja na unafuu huo, mteja aulize pikipiki yake itakaa wapi. Ikiwekwa juu ya mifuko ya saruji au magunia, mzigo wa chini hushuka kadiri gari linavyotikisika, na kamba hulegea. Kwenye kona za Kitonga kwa wanaokwenda Mbeya, au Sekenke kwa wanaokwenda Mwanza, kamba iliyolegea inatosha kuangusha kila kitu. Kikianguka barabarani, anayeumia ni mpita njia asiyehusika.

Magari yenye bodi iliyofungwa, kama Hiace, hulinda pikipiki dhidi ya mvua na wezi. Tatizo lake ni mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Tangi limwagwe, koki ya mafuta ifungwe na madirisha yaachwe wazi kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kulaza pikipiki yenye mafuta ndani ya buti la basi ni kuhatarisha maisha ya abiria walioketi juu yake.

Tela dogo linalovutwa na pikapu lina faida ya kuwa chini, kiasi kwamba mtu mmoja na msaidizi wanaweza kupakia bila kunyanyua. Lakini matela mengi madogo hayana breki zake, na mzigo ukielemea nyuma tela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka. Kanuni inayotumika ni kuhakikisha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela inalalia kwenye ndoano ya gari linalovuta. Vile vile, tela husajiliwa na kuwa na namba yake.

Gari lolote litakalochaguliwa, ufungaji ndio unaoamua. Pikipiki isimame wima, tairi la mbele likiegemea ukuta wa mbele wa bodi, gia ikiwa imeingizwa na stendi ikiwa imekunjwa. Itumike mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikivutwa kwenda chini na pembeni. Ya mbele ifungwe karibu na shingo ya usukani, si kwenye mshikio, na ikazwe hadi shokapu zibonyee kiasi cha nusu. Mahali mkanda unapogusa rangi pawekwe kitambaa.

Baada ya kilomita 20 hivi, dereva asimame na kukagua, kwani mikanda hulegea zaidi mwanzoni mwa safari.

Kwa upande wa sheria, anayebeba mizigo ya watu kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya usafirishaji ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hupita mizani ya Wakala wa Barabara (TANROADS), na likikutwa limezidisha, mizigo yote iliyomo huchelewa pamoja nalo.

Jambo jingine linalosahauliwa ni bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa kila gari, hailipi mzigo uliobebwa. Mwenye pikipiki anayetaka kulindwa aulizie bima ya mizigo inayosafirishwa. Asipoipata, angalau apige picha za chombo pande zote kabla ya kupakia, na aandikiwe risiti inayoonyesha namba ya chesi na hali yake.

Anayepeleka mbali anaweza pia kuomba pikipiki isafirishwe ikiwa bado ndani ya kasha la kiwandani na kuunganishwa huko huko, mradi yuko fundi anayeaminika.

Elfu chache zinazookolewa kwa kukubali gari la kwanza linalopita hazitoshi kununua hata shokapu moja. Ni vyema mnunuzi akaliona gari, akapima bodi yake kwa futi na kushuhudia mwenyewe kamba ya mwisho ikifungwa kabla ya kulipa.