Sarafu za Mtandao: Nani Anashika Ufunguo wa Sanduku?



 

Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalitufundisha sote hapa Tana River kwamba kikundi kisicho na akiba ya dharura hubaki kuangalia barabara kungojea msaada. Ndiyo sababu vikundi vingi vinajaribu sasa kujaza sanduku. Lakini katika mikutano yetu tumekuwa tukiulizwa swali jipya: “Vijana wanasema pesa za kikundi zikikaa tu zinalala. Afadhali tununue Bitcoin, zizae. Nyinyi mwasemaje?”

Swali ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Vijana wetu wameona kitu kwenye simu na wanataka kikundi kiendelee. Basi tulichukue hatua kwa hatua: sarafu hizi ni nini, bei yake inakwendaje, nani anazitawala, na kikundi kifanye nini.

1. SARAFU HIZI NI NINI?

Fikirini daftari la mweka hazina. Humo mmeandikwa: fulani ametoa mia, fulani amekopa mia tano. Daftari ni moja, na mnamwamini anayelishika.

Bitcoin nayo ni daftari, lakini halishikwi na mtu mmoja. Nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila malipo yanaandikwa katika nakala zote. Mtu akifuta mstari katika nakala yake, nakala za wengine zitamkataa. Ilianza Januari 2009, na aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto. Kanuni yake inasema sarafu hazitazidi milioni 21. Baada yake zimezuka sarafu nyingine maelfu, nzuri na mbaya.

Tusizichanganye na M-Pesa. Pesa za M-Pesa ni shilingi zilezile za Kenya. Mia ya leo ni mia kesho, kuna kampuni nyuma yake, na ukikosea namba unapiga simu kuomba msaada. Bitcoin si shilingi. Sarafu zako unazifikia kwa ufunguo wa siri, mara nyingi maneno 12 au 24 ambayo lazima uyahifadhi. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mtu mwingine akiyajua, sarafu ni zake. Na kama unaziacha mkononi mwa kampuni ya mtandaoni ikutunzie, basi ufunguo ni wa kampuni hiyo; ikianguka, unaanguka nayo.

2. BEI YAKE INAKWENDAJE?

Hapa ndipo penye moto. Msimu wa maembe ukifika Garsen, bei huanguka. Lakini embe ni embe, mtoto atakula. Mchele wa Wema au Hewani ukikosa soko, utapikwa. Bitcoin haina punje ya kula wala maziwa ya kukamua. Bei yake ni ile tu ambayo mnunuzi anayefuata amekubali kutoa. Wanunuzi wakiwa wengi inaruka, wakiogopa inaporomoka.

Tufanye hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 104,000. Tuseme walinunua Bitcoin Novemba 2021, wakati ilipofika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa imeshuka chini ya dola 16,000. Yaani katika kila shilingi mia walizoweka, zilibaki kama 23. Sanduku la 104,000 limekuwa kama 24,000.

Mtu atasema, “Lakini ilipanda tena!” Ni kweli, na hatufichi. Desemba 2024 ilipita dola 100,000. Mwenye pesa ambazo hakuzihitaji alisubiri akapata faida. Lakini sisi tuliweka sanduku kwa ajili ya nini? Maji yalipoingia mashambani Novemba 2023, Bitcoin ilikuwa kati ya dola 34,000 na 39,000 hivi. Kikundi hicho kingeuza siku hiyo ili kununua unga, maturubai na dawa, kingepata kama nusu tu ya kilichoweka. Mto Tana hauulizi bei ya soko kabla ya kufurika.

Na tukumbuke hesabu hii nyingine: kitu kikishuka nusu, lazima kipande mara mbili ndipo kirudi pale pale. Kikishuka mpaka robo, lazima kipande mara nne. Kushuka ni kwepesi kuliko kurudi.

3. NANI ANAZITAWALA?

Wauzaji hupenda kusema, “Haina mkubwa, inatawaliwa na jamii yenyewe.” Maneno matamu, lakini tuyachunguze.

Kwetu tunajua maana ya jamii kujitawala. Wapokomo wana gasa, Waorma wana matadeda. Wazee hukaa na jambo linazungumzwa. Kikundi chenu nacho kina katiba, na kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mia au kuku wawili. Je, sarafu za mtandao hufanya hivyo? Kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kukubaliana au kuachana. Hivi ndivyo ilivyo Bitcoin. Mafundi hupendekeza mabadiliko ya programu, na kila mwenye kompyuta inayotunza daftari huamua kuyapokea au kuyakataa. Hakuna mwenyekiti wa kugonga meza. Mwaka 2017 walibishana sana kuhusu ukubwa wa kurasa za daftari. Hawakupatana, na Agosti 1 mwaka huo waliotaka kurasa kubwa wakajitenga na sarafu yao, Bitcoin Cash.

Sarafu ya pili kwa ukubwa, Ethereum, ilipata mtihani wake mwaka 2016. Watu wengi walichanga katika mfuko mmoja ulioitwa The DAO, uendeshwe kwa kura na programu ya kompyuta bila mweka hazina. Juni 2016 mtu alipata tundu katika programu akachota kiasi cha sarafu milioni 3.6. Wakajadiliana: je, tulirekebishe daftari pesa zirudi, au tuliache lilivyo kwa sababu tulisema halibadilishwi? Julai wengi wakarekebisha. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, linaloitwa Ethereum Classic. Kumbe hata penye kompyuta bado binadamu ndiye mwamuzi, na katiba isiyotabiri wizi huleta mgawanyiko.

Njia ya pili ni kura kwa wingi wa sarafu. Mwenye sarafu moja ana kura moja, mwenye milioni ana kura milioni. Sarafu nyingi mpya hufuata njia hii. Mwezi Mei 2022 sarafu iitwayo Luna, iliyokuwa zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi, ilishuka kwa siku chache ikawa chini ya senti moja. Dada yake UST, aliyeahidiwa kubaki dola moja siku zote, naye alianguka. Watu walikuwa wamevutwa na ahadi ya riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Baadaye mwezi huohuo ikapigwa kura ya kuanzisha sarafu mpya. Wadogo wengi walilalamika, lakini kilichohesabiwa ni wingi wa sarafu, si wingi wa watu, na mpango ukapita.

Kwa hiyo mkiambiwa “mtakuwa na sauti”, ulizeni: sauti yetu ni kubwa kiasi gani? Kikundi chenye sarafu za shilingi laki moja, mbele ya tajiri mwenye sarafu za mabilioni, ni kama kunong'ona sokoni siku ya gulio.

4. YALIYOTUPATA HAPA KENYA

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2023 Worldcoin ilikuja. Watu walipiga foleni, hata pale KICC Nairobi, wakapigwa picha ya jicho kwa mashine, wakaahidiwa sarafu 25 zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Zaidi ya watu 350,000 walijiandikisha. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kulinda habari za watu ilivunjwa, ikaamuru habari hizo zifutwe. Sarafu yenyewe ilipita dola 11 Machi 2024. Aprili 2025 ilikuwa chini ya dola moja. Shida humfanya mtu auze hata jicho lake bila kuuliza linakwenda wapi. Hatuwalaumu waliokwenda. Tunasema tu: ulizeni kwanza.

Wazee wetu wanakumbuka pia DECI na vyama vingine vya upatu vilivyoanguka karibu na mwaka 2007. Mabilioni ya shilingi yalipotea, na wengi waliingizwa na watu wa kanisani mwao wenyewe. Siku hizi matapeli hutumia jina la Bitcoin kuuza upatu uleule. Dalili zake hazijabadilika: faida ya hakika, haraka, na ulete wenzako ili upate.

Lakini kuna mfano mwingine. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh kule Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa. Zilikuwa hati za kubadilishana bidhaa wakati shilingi ni adimu: mama wa samaki anampa fundi cherehani hati, fundi anampa mwuza mboga. Baadhi ya waanzilishi walikamatwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Baadaye shirika la Grassroots Economics la Kilifi liliiendeleza kazi hiyo kwa simu, kwa jina la Sarafu, likitumia teknolojia ya daftari la pamoja. Wakati wa Corona mwaka 2020 watu wa Mukuru kule Nairobi na Kinango kule Kwale waliitumia kununua chakula.

Tofauti ni hii. Sarafu hiyo haikununuliwa ili ipande bei. Nyuma yake palikuwa na kazi na bidhaa za majirani wanaojuana, kama mweria wa Wagiriama: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Nayo ina mipaka, maana asipotimiza mmoja, wengine huumia. Lakini mtu unajua mlango wa kubisha.

5. SHERIA INASEMAJE?

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilionya kwamba Bitcoin si fedha halali na haina ulinzi. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya watoa huduma za mali za mtandaoni, inayoipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuzipa leseni na kuzisimamia kampuni hizo. Ni hatua njema. Ila tuelewane: leseni inachunga kampuni. Haizuii bei kuanguka.

6. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Ushauri wetu ni huu:

(a) Pesa za dharura, za ada ya watoto na za matibabu zisiguswe. Hizo zikae benki, kwenye SACCO, au zikopeshwe wanachama kwa utaratibu.

(b) Msikope hata shilingi moja kununua sarafu za mtandao.

(c) Mwanachama akitaka kujaribu, atumie pesa zake mwenyewe, kiasi ambacho kikipotea watoto bado watakula.

(d) Jambo kama hili lipitishwe na mkutano mkuu, liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti na mweka hazina wasiamue peke yao.

(e) Benki mna watia sahihi watatu. Ufunguo wa siri nao usiwe kwa kijana mmoja mwenye simu kubwa, hata akiwa mwaminifu. Simu huingia maji, na binadamu hufa.

(f) Ndugu Waislamu wana haki ya kuwauliza masheikh wao kabla ya kura. Pesa ni za wote.

(g) Vijana waliopendekeza wasifukuzwe. Wapeni kazi ya kufuata bei za maembe, mchele na mifugo kwenye simu hiyohiyo. Ujuzi wao unahitajika.

Injili inatuambia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Hakatazwi kujenga. Anaambiwa akae, ahesabu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Sanduku letu ni la nini hasa? Je, kila mwanachama anaweza kulieleza?
2. Likibaki robo yake kesho, nani ataumia kwanza?
3. Katiba yetu inasema nini juu ya kuweka pesa mahali penye hatari? Kama haisemi, tuongeze nini?
4. Kuna kazi gani hapa kijijini, pampu, mizinga ya nyuki, mbuzi, ghala, ambayo pesa hizi zingeizalisha tukiiona kwa macho?

Mkishajadili, leteni majibu yenu ofisi ya parokia au kwa afisa wa maendeleo ya jamii aliye karibu nanyi. Mungu awabariki, na mvua zijazo zitukute tuko tayari.