Kumletea Mteja Mzigo Bure: Piga Hesabu Kwanza

Unauza nguo mtandaoni na kila mteja anauliza, "Kuletewa ni bure?" Kabla hujajibu ndiyo, tupige hesabu pamoja.

Tuseme gauni umelinunua Gikomba kwa shilingi 600, unaliuza 1,000. Faida ni 400. Mtu wa boda akitaka 300 kulifikisha Rongai, unabaki na 100, na bado hujatoa pesa ya mfuko na ada ya kumtumia malipo yake. Gauni likikataa kumtosha mteja akalirudisha, hiyo ni hasara.

Bure inaweza kukuletea wateja, lakini iwekee mipaka:

- Mpe anayenunua magauni matatu. Faida ni 1,200, boda ni moja.
- Mpe aliye karibu. Wa Kisumu ajilipie nauli ya mzigo kwa basi.
- Ukiamua kuongeza nauli kwenye bei, angalia kwanza wenzako wanauza ngapi.

Kila mwisho wa wiki, pitia meseji zako za malipo. Jumlisha pesa ulizowatumia watu wa boda, ulinganishe na faida. Hapo utajua kama ofa iendelee ama uisimamishe.