Nani Atusemee? Kuchagua Viongozi wa Kikundi cha Kujitolea

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI 1: Ndugu msikilizaji, uwe Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au kambi nyingine, karibu tena katika kipindi chetu. Niko na dada yangu hapa studio.

MTANGAZAJI 2: Ahsante, kaka. Tuanze na mfano. Mama mjane amefika kwenye mgao wa chakula, anaambiwa jina lake halipo kwenye orodha. Watoto 4 wanamngoja nyumbani. Pale mtaani kuna kikundi cha majirani wanaojitolea kutetea haki. Kiongozi wa kikundi akimwambia, "Nipe kitu kidogo nikusaidie," mama huyo ameonewa mara mbili. Akimsindikiza hadi dawati la malalamiko, akangoja naye, angalau mama amepata wa kumsemea.

MTANGAZAJI 1: Kwa hiyo yote yanategemea tulimchagua nani. Lakini dada, mara nyingi mtu anasimama mkutanoni, anasema fulani anajua kuongea, watu wanapiga makofi, basi, amepita.

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo tunapokosea. Kabla ya kutaja jina la mtu, tajeni kazi yenyewe. Kutembelea nyumba, kuandika malalamiko, kusindikiza watu ofisini, kurudisha majibu. Ni siku ngapi kwa wiki? Ataongoza kwa muda gani? Mwaka 1 unatosha, kisha mchague tena. Na anayependekezwa aulizwe mbele ya wote kama anakubali, maana hakuna mshahara. Asiyeulizwa huiacha kazi njiani.

MTANGAZAJI 1: Na sifa zake tutazijuaje?

MTANGAZAJI 2: Tazameni alichokwisha kufanya. Nani alishika mchango wa msiba akaleta hesabu yote? Nani huambiwa siri na isisikike bombani kesho yake? Huyo ndiye wa kutazama, hata kama si msemaji.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 1: Sasa tuje kwenye mkutano. Kwanza, mjulisheni kiongozi wa eneo na ofisi ya kambi, ili msije mkatawanywa. Msiuweke siku ya mgao, wala saa ambazo akina mama wako kwenye foleni ya maji. Kisha mjiulize: nani hayupo? Wenye ulemavu? Vijana? Waliofika juzi? Wanaosema Kirundi au Kibembe wakati sisi tunaongea Kiswahili? Asiyekuwepo hatachagua, na baadaye hatakiamini kikundi.

MTANGAZAJI 2: Na kura, kaka? Wengine hupanga mstari nyuma ya wanaowataka.

MTANGAZAJI 1: Ni njia ya haraka, lakini ina hatari. Kenya, mwaka 1988, chama tawala kiliwapanga watu foleni nyuma ya wagombea wakati wa uteuzi. Njia hiyo iliitwa mlolongo. Ililalamikiwa sana, na baadaye ikaachwa. Fikiria sasa kambini: unayemkataa hadharani leo, kesho uko naye bombani, na pengine ndiye aliyekukopesha unga. Utakwenda kusimama nyuma ya mwingine?

MTANGAZAJI 2: Lakini wengi wetu hatujui kusoma.

MTANGAZAJI 1: Si lazima kusoma. Chukueni makopo, moja kwa kila mgombea, yafunikwe na kutobolewa tundu juu. Kila kopo libandikwe alama yake: jembe, jua, ndoo. Yawekwe nyuma ya kitenge. Kila mtu apewe punje 1 ya maharage, aingie peke yake, aitumbukize anapotaka. Mwisho, zihesabiwe mbele ya watu wote kwa sauti.

MTANGAZAJI 2: Na uchaguzi ukiisha, kazi yetu haijaisha. Kama kuna fedha, mwenyekiti na mweka hazina wasiwe wa nyumba moja. Fanyeni kama vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku lenye kufuli 3, na funguo kwa watu 3 tofauti. Kila mwezi hesabu isomwe. Na mkubaliane mapema jinsi ya kumwondoa kiongozi anayeharibu, kabla hamjakasirika.

MTANGAZAJI 1: Tena tukumbushane, ndugu msikilizaji: msaada ni bure. Tangu mwaka 2003, kanuni ya Umoja wa Mataifa inawakataza wafanyakazi wake kudai ngono kwa ajili ya msaada. Kiongozi wenu naye asiruhusiwe kudai fedha wala mwili wa mtu. Akidai, toeni taarifa.

MTANGAZAJI 2: Kiongozi wa kujitolea hana mshahara, ana jina tu. Mlindeni akitenda haki, mwulizeni akinyamaza.

MTANGAZAJI 1: Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya leo: Nani hajawahi kuitwa katika mikutano yenu? Na kiongozi wenu alileta hesabu lini mara ya mwisho? Jadilianeni. Kwa herini, hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, MWISHO)