Je, Sheria Itamrudisha Mwanao Nyumbani Usiku?

Mama msomaji, jana usiku mwanao aliingia nyumbani saa ngapi? Usijibu haraka. Je, ulimwona kwa macho yako akiingia, au ulisikia mlango tu? Au uliamka asubuhi ukamkuta kitandani, ukamshukuru Mungu, ukaenda kuwasha jiko?

Tunauliza hivi kwa sababu sisi wauguzi wa zamu ya usiku hukutana na jibu la swali hili. Usiku mmoja wa Jumamosi, yapata saa 7, aliletwa kijana wa miaka 15 akiwa amekatwa mkono kwa chupa. Alikuwa ametoka kwenye kigodoro mtaa wa pili, na aliyemleta ni dereva wa bodaboda ambaye hata jina lake hakulijua. Tulipompigia mama yake simu alikataa kabisa. Alisema mwanawe amelala chumbani na sisi tumekosea namba. Tukamsikia akienda kugonga mlango. Pakawa kimya, kisha tukasikia kilio.

Tulipokwisha kumshona yule kijana, tukapiga simu nyumbani kwetu. Nasi tunaye wa kwetu, yuko kidato cha pili. Simu iliita mpaka ikakatika. Asubuhi alipobanwa alikiri kwamba alikuwa kwenye kibanda umiza akiangalia mpira, akarudi saa 8 usiku. Basi sisi tuliokuwa tukishona watoto wa wenzetu hatukujua wa kwetu yuko wapi.

Barua tuliyotaka kuiandika

Wiki ile ile, katika kipindi cha wanawake kanisani, jambo hili lilizungumzwa kwa uchungu. Kila mmoja alikuwa na lake: huyu binti yake amekwisha kuacha shule, yule mwanawe ananuka bangi. Mwishowe tukakubaliana kuandika barua kwa serikali ya mtaa. Tuliomba iwekwe sheria: kijana yeyote wa chini ya miaka 18 akikutwa nje baada ya saa 3 usiku bila mzazi akamatwe na walinzi wa ulinzi shirikishi, na mzazi wake atozwe faini. Tulipiga makofi. Kalamu ikaanza kuzunguka.

Ilipomfikia mama mmoja mjane aliyeketi nyuma, hakuandika. Aliuliza kwa sauti ya chini: "Na binti yangu anayeuza mayai stendi mpaka saa 4, naye mtamkamata? Faini nitailipa kwa mayai yapi?"

Hakuna aliyemjibu. Sisi nasi tukamkumbuka binti mwingine, ambaye hatutamtaja kwa namna ya kumtambulisha. Huyu alizoea kukaa nje hadi usiku wa manane kwenye baraza ya jirani. Majirani walimwita mhuni. Alipokuja hospitali kwa tatizo jingine ndipo alipotueleza ukweli. Nyumbani kwao kulikuwa na mtu mzima aliyemsumbua kila mama yake alipokwenda kazini, naye akaona heri baridi ya barazani kuliko chumba chake. Je, sheria yetu ingemfanyia nini mtoto huyu? Ingemkamata barazani, mahali palipokuwa na usalama, na kumrudisha kwa adui yake.

Ile barua haikupelekwa. Badala yake tulipeana kazi ya kutafuta wenzetu wa mahali pengine walifanya nini na walivuna nini.

Yaliyotokea Marekani

Sheria za namna hii si ngeni. Mji wa Omaha nchini Marekani ulikuwa nayo tangu mwaka 1880. Katika miaka ya 1990, vijana walipozidi kuuana kwa bunduki, miji mingi ilizifufua. Jiji la Dallas lilipitisha ya kwake mwaka 1991: aliye chini ya miaka 17 asionekane nje baada ya saa 5 usiku siku za kazi, na baada ya saa 6 usiku mwisho wa wiki, mpaka saa 12 asubuhi. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton mwenyewe alizihimiza sheria hizi.

Matunda yake yalikuwaje? Mwaka 2016 wataalamu walikusanya tafiti 12 zilizofanywa juu ya sheria hizo, wakazipima pamoja. Hawakuona kwamba zilipunguza uhalifu wa vijana, wala kwamba zilipunguza idadi ya vijana wanaodhuriwa. Sababu moja ni rahisi kuielewa. Siku za shule, makosa mengi ya vijana nchini humo hutendeka mchana, baada ya kengele ya mwisho, yapata saa 9 alasiri. Ni saa ambayo mtoto yuko huru na mama bado yuko kazini.

Katika jiji la Washington lilionekana jambo la kushangaza zaidi. Kuna vifaa maalumu mitaani vinavyonasa milio ya bunduki. Wataalamu waligundua kwamba sheria ilipoanza kazi saa 5 usiku badala ya saa 6, milio katika saa ile iliongezeka badala ya kupungua. Maelezo yao ni kwamba watu wema waliondoka barabarani, na waovu wakabaki bila macho ya kuwatazama. Mwaka 2023 jimbo la Texas, ambamo mna Dallas, lilipiga marufuku miji yake kuwawekea vijana sheria hizi.

Yaliyotokea Aislandi

Lakini tusiseme haraka kwamba jambo lenyewe halifai. Iko nchi ndogo ya Aislandi, kisiwa kilichoko mbali sana kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1998 vijana wa huko wenye miaka 15 na 16 walipoulizwa, 42 katika kila 100 walisema walilewa pombe mwezi uliotangulia. Waliovuta sigara kila siku walikuwa 23 katika kila 100. Ilipofika mwaka 2016, waliolewa walikuwa 5 tu katika kila 100, na wavutaji 3.

Aislandi inayo sheria ya usiku. Mtoto wa miaka 12 au chini yake hatakiwi kuwa nje peke yake baada ya saa 2 usiku. Wa miaka 13 hadi 16 mwisho wake ni saa 4, isipokuwa kama anatoka kwenye shughuli ya shule, michezo au kikundi cha vijana. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 1 Septemba, wakati ambapo huko usiku ni mweupe kama mchana, huongezewa saa mbili.

Kwa nini kule kukawa na mavuno? Mama mwenzetu, hapa ndipo penye siri. Sheria haikuachwa peke yake. Wazazi wa kila shule walikutana na kutia sahihi makubaliano ya pamoja: hatutawanunulia pombe, hatutaruhusu sherehe zisizo na mtu mzima, tutazingatia saa moja sisi sote. Jioni za mwisho wa wiki wazazi wenyewe hutembea mitaani kwa vikundi, wakiwasalimu watoto na kuwahimiza warudi nyumbani. Fedha za umma zikawekwa katika michezo, muziki na sanaa, na jiji la Reykjavik likawa linazisaidia familia kulipa ada za shughuli hizo ili mtoto wa maskini asiachwe nje. Pombe ikazuiwa kwa yeyote asiyefikisha miaka 20.

Basi hatuwezi kusema ni sheria ya usiku iliyowaokoa watoto wale. Huko mtoto alipoambiwa aondoke barabarani, alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumpokea.

Jirani zetu Kenya

Wengine watasema, afadhali tuwe na askari kuliko kukosa vyote. Tuwakumbuke jirani zetu. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilianza kafyu kwa watu wote kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Siku chache tu baadaye mtoto wa miaka 13 jijini Nairobi alipigwa risasi na kufa wakati polisi wakisimamia amri hiyo. Hakuwa barabarani. Alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao. Kafyu ile, iliyobadilishwa saa mara kadhaa, iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, lakini mtoto yule hatarudi.

Hatusemi kila askari ni mbaya; wapo waliotuletea watoto hospitali wakiwa wamewabeba mikononi. Tunasema kwamba fimbo na bunduki havijui kuuliza, "Mwanangu, kwa nini huendi nyumbani?" Swali hilo ni la mama.

Sheria tuliyo nayo tayari

Hapa kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inakataza kumuuzia mtoto pombe au sigara, na inakataza kumruhusu kuingia baa au ukumbi wa disko. Mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Je, mama, wewe hujawahi kumtuma mwanao baa akamletee baba yake bia? Je, mwenye duka la pombe hapo mtaani si mtu tunayesalimiana naye kila siku? Tunadai sheria mpya ya kumkamata mtoto, na huku ile inayomkabili mtu mzima tumeiacha ilale kabatini.

Tusome tena Luka sura ya 2. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu, aliyekuwa na miaka 12, yuko katika msafara. Walipoona hayupo hawakungoja askari wa Herode wamtafute. Waliuliza kwa jamaa na marafiki, wakageuka, wakarudi Yerusalemu kwa miguu yao. Tusome na 1 Samweli sura ya 3. Kuhani Eli alijua wanawe wanafanya nini, wala hakuwazuia. Sisi tu wazazi wa namna gani?

Tulichoamua

Kikundi chetu kiliandika barua nyingine. Tuliiomba serikali ya mtaa isimamie jambo moja: baa, vibanda umiza na wenye kigodoro wasipokee watoto, na muziki uzimwe kwa saa iliyopangwa. Kisha tukajiwekea sheria sisi wenyewe. Tunawashirikisha, nanyi mtazame kama itawafaa:

1. Tumekubaliana saa moja kwa nyumba zote. Wa shule ya msingi saa 1 jioni, wa sekondari saa 2 usiku. Hakuna tena mtoto wa kusema, "Mbona mama fulani anamruhusu wake?"

2. Tumebadilishana namba za simu. Ukimkuta mtoto wangu nje, mrudishe kama wako, kisha unipigie. Nami sitakukasirikia.

3. Anayefanya kazi usiku huacha watoto wake kwa mwenzake. Sisi wa zamu ndio tuliofaidika kwanza. Tukiwa kazini, mwanetu anakula na kulala kwa mama wa nyumba ya tatu.

4. Baba naye ahusishwe. Mtoto hawezi kufungiwa mlango saa 2 na baba yake akarudi saa 7 akiwa amelewa.

5. Mtoto akichelewa, mfungulie, mpe chakula, na umhoji asubuhi. Mlango uliofungwa kwa hasira humpeleka kwa mtu mwingine atakayemfungulia.

6. Mtoto asiyetaka kurudi nyumbani, muulize kwa upole anaogopa nini, na uamini anachokuambia. Ikiwa anadhuriwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu 116, ambayo ni bure.

Na yule binti wa mayai? Kikundi kilimkopesha mama yake mtaji kidogo, akapata meza ya chai ya asubuhi karibu na soko. Kwa siku nne za wiki binti yuko nyumbani na madaftari yake. Siku tatu bado huenda stendi, maana chai haijatosha kulipa kodi ya chumba. Siku hizo mmoja wetu huenda kumpokea saa 3 wakarudi pamoja. Si ushindi mkubwa. Lakini tunajiuliza: tungekuwa tumeipeleka ile barua ya kwanza, leo binti huyu angekuwa wapi?

Mwanetu naye alikasirika sana kwa saa 2 yetu. Alinuna wiki mbili. Juma lililopita, tukiwa zamu, simu ilitulia mfukoni kama saa 2 na robo. Alikuwa yeye. Alisema, "Mama, nimeshaingia," akakata.

Mama mpendwa, usiku wa leo kabla hujapima kama mlango umefungwa, hesabu vichwa vilivyo ndani. Na kama kimoja kimepungua, chukua kanga yako, mwite jirani yako, mwende mkamtafute. Mungu atutie nguvu.