Land Rover Kuukuu na Mteremko wa Mita 300

Mwalimu wa fizikia afundishaye katika nyanda za juu kusini hana haja ya kwenda mbali kutafuta maabara. Asimame saa moja tu penye njia panda ya Makambako, pale ambapo barabara itokayo Songea na Njombe inaungana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, naye ataona mashine za kila umri na kila hali. Baina ya malori mapya na pikipiki hupita mara moja moja Land Rover za miaka ya 1970, zimeshiba viazi, mbao au abiria, na zinapanda kwa kunung'unika lakini zinapanda. Nyingine hazipandi tena. Katika wilaya ya Wanging'ombe, iliyomegwa kutoka Njombe mwaka 2012, yapo magari ya namna hiyo yaliyolala nyuma ya nyumba, na kuku wanatagia ndani yake.

Makala haya yanahusu gari moja la kundi hilo la pili, na kosa nililolifanya wakati wa kulifufua.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mbuni wake, Maurice Wilks wa Uingereza, alitaka gari la shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilitolewa kwa mgao huko Uingereza, na kwa sababu hiyo bodi lilitengenezwa kwa aloi ya alumini, ilhali fremu ilibaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura ndio uliolipa gari hili maisha marefu. Toleo la Tatu lilianza kuundwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, nalo ndilo lililozoeleka sana kwetu katika idara za serikali, misheni na mashamba. Mapenzi hayo hayajafa: Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika kwa wingi mjini Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya Land Rover peke yake.

Gari langu aliliacha marehemu baba. Ni la Toleo hilo la Tatu, na umbali baina ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Ndiyo maana watu huliita kwa tarakimu hizo tu. Injini ni ya petroli, ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita 2,286. Lilikuwa limesimama miaka kumi na mmoja chini ya banda la bati nilipoanza kulifungua mwaka 2016. Kwa kuwa mimi hufundisha mbali na nyumbani, kazi ambayo fundi wa mjini angeimaliza kwa wiki moja ilinichukua likizo nzima. Sikujutia. Mtu anayefungua kifaa kimoja kwa mwaka ana muda wa kujiuliza kwa nini kiliumbwa vile.

Bodi halikuwa na kutu, maana kutu ni ugonjwa wa chuma. Lakini kila palipokuwa na bolti ya chuma iliyopita katika bamba la alumini, palikuwa na unga mweupe na tundu lililopanuka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atatambua jambo hili upesi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu huwa betri ndogo. Alumini hutoa elektroni zake kwa wepesi zaidi kuliko chuma, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayoliwa. Dawa ni kuzitenganisha: nilikata washa kutoka katika mpira wa tairi la ndani, nikapaka grisi, nikafunga upya. Fremu nayo nilikuta imeanza kuoza kutoka ndani, pale matope yalipoingia na kukaa; sehemu mbili zilikatwa na kuchomelewa vipande vipya.

Injini ilinipendeza kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo makosa yalipoanza. Tulipoiwasha kwa mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi, na plagi zikawa na masizi baada ya kilometa chache. Fundi mmoja kijana alisema ringi zimekwisha. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nne nikaona ni mzuri. Jawabu lilikuwa angani. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, na katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Kabureta haihesabu molekuli za oksijeni. Yenyewe hupitisha hewa kwa ujazo na kuipimia petroli kwa tundu dogo lisilobadilika. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inazidi, na petroli iliyozidi haiungui yote. Niliweka jeti yenye tundu dogo zaidi, na plagi zikarudi kuwa na rangi ya kahawia.

Furaha ya ugunduzi huo ilinilevya. Fundi mmoja mzee wa Makambako, aliyekuwa akinisaidia kwa mambo mazito, alifungua kopo la mafuta ya breki siku hiyohiyo, akachovya kidole, akasema, "Mwalimu, haya yamekuwa meusi. Tuyamwage yote kwanza." Nilimwitikia, "Sawa, Mzee," kisha nikaendelea na kabureta yangu. Breki zilikuwa zinashika, nilizijaribu uani.

Julai 2019 tulipanda kuelekea upande wa milima ya Kipengere kuchukua viazi. Tuliporejea tulikuwa na mzigo uliofanya uzito wote, gari na vilivyomo, kuwa kama kilo 2,300. Pamoja nami alikuwemo mtoto wa dada yangu, wakati huo mwanafunzi wa kidato cha pili. Mbele yetu palikuwa na mteremko mrefu wa barabara ya vumbi ushukao kwenye uwanda wa Wanging'ombe. Nikafanya kama wafanyavyo madereva wengi kwa kubana petroli: nilitoa gia, nikaliacha gari liserereke huku nikikanyaga breki kidogo kidogo. Robo tatu ya njia pedali ilikuwa ngumu kama ipasavyo. Kisha ikawa laini. Kisha ikaenda hadi sakafuni, na gari halikupungua mwendo hata kidogo.

Niliingiza gia ya tatu kwa nguvu, injini ikapiga ukelele, kisha ya pili. Sikuthubutu kuvuta breki ya mkono, kwani katika Land Rover breki hiyo haishiki magurudumu bali hushika shafti itokayo nyuma ya giaboksi, nayo huweza kuyafunga magurudumu ya nyuma kwa ghafla. Mwisho nililisugua gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto mpaka likasimama. Viazi vilimwagika. Sisi tulitoka wazima, ila mtoto alikuwa amejiuma ulimi.

Tukakaa kando ya barabara kama dakika ishirini. Nilipokanyaga tena, pedali ilikuwa imerudi ngumu. Kijana akaniuliza, "Mjomba, kwa nini ilikuwa ngumu juu, ikawa laini chini, na sasa ni ngumu tena? Hakuna mtu aliyeigusa." Sijapata kuulizwa swali zuri zaidi darasani.

Tuanze na nishati. Kitu kilicho juu kina nishati tuli, nayo ni tungamo mara kani ya mvutano wa ardhi kwa kila kilo mara kimo. Mteremko ule tuuhesabu kuwa wa mita 300. Kilo 2,300 mara 9.8 mara 300 ni jouli 6,762,000. Gari likishuka kwa mwendo uleule bila kuongeza kasi, nishati hiyo yote hapana budi iende mahali fulani. Hewa na matairi huchukua sehemu. Injini, kama ingalimo kwenye gia, ingechukua sehemu kubwa, kwa kuwa pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa. Mimi niliitoa injini katika hesabu, nikaziachia breki karibu zote. Nayo ni joto kiasi gani? Ni joto linaloweza kuichemsha ndoo ya lita 20 ya maji, kutoka baridi ya sentigredi 20 hadi 100. Fikiria ndoo hiyo inayotokota, kisha fikiria joto lake likiingia ndani ya dramu nne za chuma zilizofunikwa, zisizopitisha upepo vizuri. Petroli niliyoiokoa ilikuwa vijiko vichache.

Sasa mafuta ya breki. Jina hili linapotosha, kwa sababu hayatokani na petroli wala hayafanani na oili. Aghalabu ni jamii ya glikoli, na glikoli hupenda maji. Yakikaa miaka katika mfumo hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko. Viwango vya kimataifa vinasema mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yasichemke chini ya sentigredi 205. Yakisha kunywa maji ya asilimia 3.7, kiwango hushuka hadi sentigredi 140. Mafuta yangu yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na mmoja. Tena tulikuwa milimani, ambako kila kimiminiko huchemka mapema zaidi kuliko pwani. Maji yenyewe huchemka kwa sentigredi 93 hivi katika mita 2,000.

Breki hufanya kazi kwa kanuni ya Pascal: kanieneo iliyotiwa mahali pamoja katika kimiminiko kilichofungwa huenea kote sawasawa. Kanuni hii yategemea jambo moja, kwamba kimiminiko hakisinyai kikibanwa. Mvuke husinyaa. Matone machache yakigeuka mvuke karibu na gurudumu, mguu wa dereva unafanya kazi ya kuubana mvuke, wala viatu vya breki havisukumwi. Gari likipoa mvuke hurudi kuwa kimiminiko, na pedali inakuwa ngumu kana kwamba hakuna lililotokea. Hilo ndilo lilikuwa jawabu la swali la kijana. Ndiyo maana pia jaribio langu la uani halikuwa na maana: nilijaribu breki baridi.

Kulikuwa na hatari ya pili iliyofichika. Gari la baba, kama mengi ya toleo lake, liliundwa likiwa na mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Hitilafu ikiingia popote, breki zote zinakwenda. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa 2019 hadi 2021 sikugusa injini. Tulifungua dramu zote, za mbele zikiwa na kipenyo cha inchi 11. (Wenye karakana wazingatie: lainingi za zamani mara nyingi zina asbesto. Vumbi lake lisipulizwe wala kupigwa brashi kavu; lipanguswe kwa kitambaa kibichi, nacho kifukiwe.) Tulibadilisha mabomba na mipira yote, tukaweka masta silinda yenye vyumba viwili iliyotoka katika gari la miaka ya mwisho ya toleo hilohilo, moja kwa magurudumu ya mbele, kingine kwa ya nyuma. Tuliongeza na servo, chombo kinachouongezea mguu kani kwa kutumia tofauti ya kanieneo baina ya hewa ya nje na utupu wa injini. Hapa tena mwinuko unadai ushuru wake: hewa ya nje ikiwa asilimia 80, msaada wa servo nao hupungua kiasi hicho. Anayetoka Dar es Salaam na gari lenye servo atagundua kuwa mguu wake unafanya kazi zaidi Njombe, asilaumu fundi.

Jamaa zangu walitaka niweke injini ya dizeli ya Kijapani, kama walivyofanya wengi. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Dizeli ina nguvu na inakula kidogo. Lakini injini yenye nguvu zaidi inapeleka mzigo wake kwenye klachi, giaboksi, ekseli na, mwishoni mwa yote, breki, na vyote hivyo vilihesabiwa kwa injini ya awali. Platini za kuwashia nazo nimeziacha, ingawa vifaa vya elektroniki vipo na ni bora kwa kila kipimo. Platini zikileta matata huko Kipengere, kipande cha msasa kinatosha.

Walimu wa kemia wanaweza kufanya jaribio dogo. Mimina mafuta mapya ya breki katika kikombe kipana, pima tungamo kwa mizani ya maabara, kiache wazi mahali salama penye unyevu, upime tena kila siku kwa juma moja au mawili. Yasiguse ngozi wala rangi ya meza, maana huibabua. Wanafunzi wachore grafu.

Mzee wa Makambako alikuja kulitazama gari lilipokwisha. Alilala chini yake muda mrefu, akatoka, akajipangusa mikono. Nilimwomba radhi kwa kutomsikiliza. Akauliza mafuta mapya yametiwa mwezi gani, nikamwambia, naye akachukua chaki akaandika mwezi na mwaka ndani ya mlango wa banda. Tangu hapo tumeyabadilisha kila baada ya miaka miwili, na orodha ya chaki imefika mstari wa tatu. Rangi bado haijapigwa, na giaboksi inavuja.