Milima Miwili ya Tororo

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pasipoti hugongwa mihuri yote chini ya paa moja, utaratibu uliozinduliwa mwaka 2018. Ukitokea upande wa Uganda, matatu imeshabadili jina, huitwa teksi, na iendayo Tororo haina haraka: huondoka ikijaa. Kabla ya mji utaliona jabali lake, masalia ya volkano ya kale, limesimama peke yake kama kisiki.

Reli kutoka Kenya ilifika huku miaka ya 1920, na wenye maduka kutoka India wakaifuata. Wameacha nyumba za baraza na mahekalu mawili makubwa ya Kihindu.

Mnara wa hekalu, kwa mtindo wa kaskazini mwa India, huitwa shikhara, yaani kilele cha mlima. Usiufananishe na wa msikiti. Wa hekalu haupandwi wala haumwiti mtu. Umefunika chumba kidogo chenye giza akaamo mungu, na chumba hicho ndicho pango la mlima wenyewe. Ubavuni hubandikwa minara midogo kama vifaranga kwa mama yao. Shingoni pana jiwe la duara lenye mbavu, mithili ya boga lililokandamizwa, juu yake chungu, kisha bendera.

Mafundi wa jadi wa Gujarat, jamii ya Sompura, hawatii nondo. Kila safu ya mawe huchomoza ndani kidogo kuliko ya chini yake hadi pande zikutane, na uzito ndio unaoshikilia. Chuma hushika kutu, kutu huvimba, jiwe likapasuka. Kazi ya namna hiyo kaione Nairobi, hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999 kwa mawe ya manjano ya Rajasthan, yaliyochongwa India na kuletwa vipande vipande. Miji midogo kwa kawaida huiga umbo kwa zege na lipu. Mimi sioni aibu yake, hasa Tororo, mji unaotengeneza saruji tangu miaka ya 1950.

Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliokuja kurudi baadaye ni wachache. Minara haikwenda popote.

Ukikaribishwa ndani, vua viatu, na mkanda wa ngozi uuache hapohapo mlangoni. Kisha zunguka, chumba cha mungu kikiwa mkono wako wa kulia.