Saratani Haisomi Daftari

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Kwa methali hiyo wagonjwa wetu huhimizwa waseme kinachowasibu, wala wasione haya. Lakini methali haikutwambia afanyeje yule aliyekwisha kusema, kisha akafungiwa mlango.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Robert Eads, wa mji mdogo wa Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani. Alizaliwa mwanamke mwaka 1945, akaolewa, akazaa watoto wawili. Na umri ulipokwisha kwenda akabadili jinsia, akaishi akiwa mwanamume mwenye ndevu zake. Ovari, yaani vifuko vya mayai, hazikuondolewa, kwa kuwa ukomo wa hedhi ulikuwa karibu. Mwaka 1996 akaanza kuumwa na tumbo na kutokwa na damu. Ilikuwa saratani ya ovari. Eads hakuficha uchi wake. Alibisha hodi kwa madaktari zaidi ya kumi, nao wakamkataa, baadhi yao wakichelea kuwa kuonekana kwake kungewakimbizia wateja. Mwaka 1997 ndipo hospitali moja ya chuo cha udaktari ilipompokea. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, lakini maradhi yalikwisha kuenea. Alifariki Januari 1999, mwenye umri wa miaka 53. Filamu ya mwaka wake wa mwisho ilionyeshwa mwaka 2001, na wengi walilia. Machozi yaliyochelewa, kwa maoni yetu.

Hatuandiki haya ili tuamue mambo ya dini wala ya sheria, ambayo yana wenyewe. Twasema juu ya tiba tu. Saratani hushika kiungo kilichomo mwilini, si jina lililomo daftarini. Mwanamume aliyebaki na mlango wa kizazi anahitaji kupimwa mlango wa kizazi, na homoni anazotumia zaweza kukifanya kipimo kisitoe jibu, kikahitaji kurudiwa. Mwanamke aliyezaliwa mwanamume angali na tezi dume, na homoni zake huteremsha kile kiasi kinachotazamwa katika damu, hata daktari asiyejua historia yake akadhani hali ni njema. Uingereza nayo, kwa miaka mingi, barua za kuwaita watu kupimwa zilifuata jinsia iliyoandikishwa. Aliyeandikwa mwanamume hakuitwa.

Hata aliyepona hajamaliza safari. Saratani huweza kurudi, na kila uchunguzi humtaka avue nguo na kusimulia upya, mara nyingi mbele ya mgeni.

Visiwani mwetu jambo hili si la mbali kama linavyodhaniwa. Wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba wamevuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na mama zetu wangapi wamechelewa kupimwa kwa kuona haya tu! Yule ambaye mwili wake haulingani na jina lake ana haya hiyo maradufu, na hofu juu yake.

Kwa hiyo twawauliza wakuu wa afya: mgonjwa anapoulizwa habari za mwili wake, je, huulizwa chumbani, mlango umefungwa, au dirishani, foleni nzima ikisikiliza? Na karatasi yake ikishajazwa, hupita mikononi mwa watu wangapi kabla haijamfikia daktari?